Mcheza kwao na atunzwe: somo kutoka chekechea ya kijiji

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Niliyoyaokota safarini ningependa kuyagawa leo kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wa vyuo vya ualimu, kwa kuwa yanahusu jambo ambalo sisi Wakenya tumelipa mgongo kwa muda mrefu, nalo ni malezi ya mtoto kabla hajaingia darasa la kwanza.

Katika nchi yetu umezuka mtindo wa kuipima shule ya chekechea kwa macho. Mzazi anayetafuta mahali pa kumpeleka mwanawe wa miaka minne hutazama rangi za ukuta, basi la kuwabebea watoto, sare yenye tai, na wingi wa vitabu vinavyoujaza mkoba hata mtoto akatembea ameinama kama mchukuzi wa bandarini. Ni nadra kumwona mzazi aliyesimama kando ya dirisha akasikiliza. Je, humo ndani anasema nani? Ni mwalimu peke yake, au watoto nao husema? Na wakisema, wanayasema ya kwao au wanayakariri ya mwalimu?

Maswali hayo yalinijia kwa nguvu nilipokuwa kisiwani Unguja kumtembelea rafiki yangu wa siku nyingi, mkaguzi wa elimu aliyestaafu. Alinishikilia nisirudi Kenya kabla ya kuiona skuli ya maandalizi ya kijijini kwao, upande wa kusini mashariki wa kisiwa, mahali ambapo wanawake hulima mwani baharini. Huko Zanzibar shule huitwa skuli, na kile tukiitacho chekechea wenyewe hukiita maandalizi. Sitalitaja jina la kijiji wala la mwalimu, maana nilipokewa kama mgeni, na mgeni mwema hatangazi ya ndani ya nyumba aliyokaribishwa.

Jengo lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mawe ya matumbawe na saruji, kimeezekwa bati, na upande mmoja ukuta wake ulikomea kiunoni ili upepo upite. Kiwanja kilitolewa wakfu na ukoo mmoja wa hapo kijijini. Wanaume walijenga, wanawake wakateka maji na kubeba mchanga. Chini palitandikwa mikeka iliyosukwa na bibi za watoto wale wale. Kwenye rafu za mbao nilihesabu vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa, magunzi ya mahindi, kauri za pwani, vipande vya kanga kuukuu, na kopo lililojaa komwe, zile mbegu ambazo wazee huchezea bao. Sikuona kitu hata kimoja kilichonunuliwa katika duka la vifaa vya watoto.

Watoto walikuwa 31 na walimu wawili. Baada ya kuamkia na kuimba, mwalimu aliketi nao mkekani katika duara, akamwuliza kila mmoja angependa kufanya nini asubuhi ile. Hakuwaambia, aliwauliza. Mmoja akasema atajenga nyumba, mwingine atapika, na kijana mmoja wa miaka mitano hivi akatangaza kwamba atafungua duka.

"Duka la nini?" mwalimu akamwuliza.

"La samaki," akajibu, kana kwamba pana duka jingine duniani.

Akatundika vifuu viwili kwenye ncha za kijiti, ikawa mizani. Kauri zikawa samaki, komwe zikawa fedha. Mteja wa kwanza, msichana mwenye shungi jeupe, alikuta samaki mmoja anauzwa komwe tano, naye alikuwa nazo tatu tu. Akaomba apunguziwe. Mwenye duka akakataa katakata, kisha akafikiri, akasema kwamba kwa komwe tatu atampa mkia. Msichana akasema mkia hauliki. Hapo ndipo mwalimu, ambaye hadi wakati huo alikuwa kimya, alipochutama kando yao akauliza, "Amekupa ngapi? Na bado ngapi?" Vidole vikahesabiwa. "Mbili," akasema mwenye duka. Samaki akatolewa kwa mkopo.

Shughuli zilipokwisha, wote walirudi katika duara, kila mmoja akaeleza alilolifanya. Mwenye duka akasimama na kusema kwa sauti: "Nimeuza samaki, na huyu namdai komwe mbili." Darasa zima likamgeukia mdaiwa, naye akaahidi kulipa kesho.

Ewe mwalimu unayesoma makala hii, hebu yatazame tena yaliyotendeka pale. Mtoto alipanga kazi, akaitenda, kisha akaieleza. Alitoa tatu katika tano bila kuona alama ya kutoa ubaoni. Alijifunza kujadiliana bila kupigana, na akajifunza maana ya neno kudai, neno ambalo watu wazima wengi tunalijua kwa uchungu. Yote hayo yalipita katika muda usiozidi saa moja, na hakuna karatasi iliyoandikwa.

Mpango huo wa kupanga, kutenda na kueleza haukuzuka kwa bahati. Unatokana na kazi iliyoanza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, katika shule ya Perry. Watoto 123 wa familia maskini waligawanywa katika makundi mawili. Watoto 58 waliingizwa katika chekechea ya aina hiyo, wenzao hawakuingizwa, na watafiti wakaendelea kuwafuatilia hata walipofikisha umri wa miaka 40. Waliopitia chekechea walimaliza shule ya sekondari kwa wingi zaidi, wakapata mapato makubwa zaidi, na wachache zaidi miongoni mwao walikamatwa na polisi mara kwa mara. Basi mchezo wa mtoto si kupoteza wakati. Ndiyo kazi yake, na ni kazi yenye faida ya kudumu.

Nilipomsifia mwenyeji wangu ustadi wa Wazanzibari, alicheka. "Ndugu yangu, unatusifu kwa kitu chenu," akasema. "Hii ilitoka kwenu Mombasa."

Naam, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma katika shule za msingi. Wazazi wengi walitaka mtoto aanze na chuo cha Kurani, na chekechea zilizokuwako ziliwaonekea kuwa ngeni kwa dini na desturi zao. Wakaomba msaada wa Aga Khan. Kazi ya kutafuta njia ikakabidhiwa mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi. Swafiya Said. Hakuja na jengo jipya wala na watu wa kigeni. Alikwenda kwa jamii zenyewe, akawaeleza kwamba madrasa yaweza kuwa mahali pa kujifunza dini na pia mahali pa kuhesabu, kuchora, kuchezea na kuuliza. Chekechea ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa katika madrasa ya Liwatoni, Mombasa, mwaka 1986. Mwaka 1990 mpango ukavuka bahari hadi Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda.

Masharti yake yalikuwa machache na mazito. Jamii yenyewe ndiyo iiombe shule, itoe mahali, na iunde kamati ya kuiendesha. Mwalimu atoke katika jamii hiyo hiyo, apewe mafunzo, na atembelewe darasani mara kwa mara na mkufunzi. Vifaa vitengenezwe kwa vitu vilivyoko mahali. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliohudhuria chekechea yoyote walipiga hatua kubwa kuliko waliobaki nyumbani, na waliokuwa katika chekechea za madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Hayo yalipatikana kwa vifuu na komwe.

Nina mambo matatu ya kusema kutokana na ziara hiyo.

La kwanza ni lugha. Mwenye duka yule alijadiliana kwa lugha aliyonyonya kwa mamaye. Laiti angelazimishwa kujadiliana kwa Kiingereza, duka lingefungwa asubuhi ile ile kwa kukosa maneno! Hapa kwetu tume ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 ulishikilia msimamo huo huo kwa chekechea na madarasa matatu ya kwanza. Kwa Mkenya wa Kilifi kijijini lugha hiyo yaweza kuwa Kigiriama, kwa wa Siaya Kijaluo, na kwa wa mtaa wa mjini Kiswahili. Lakini nenda katika chekechea nyingi za kibinafsi ukasikilize. Mtoto hukariri majina ya miezi kwa Kiingereza kama kasuku, na akitaka kwenda msalani hubana kwa kutojua la kusema. Wazazi hushangilia kukariri huko wakidhani ni elimu. Sisi walimu tunajua kwamba sivyo, na tunanyamaza kwa kuogopa kupoteza wateja.

La pili ni umiliki. Kijiji kile kinaipenda skuli yake kwa sababu kiliijenga. Mtu asidhani kwamba jambo hilo ni geni Kenya. Baada ya uhuru, chekechea zetu nyingi zilizaliwa kwa harambee. Akina mama walikutana chini ya mwembe au katika ua wa kanisa, wakamchagua msichana aliyejua kusoma awaangalie watoto wao walipokwenda shambani. Serikali ilikuja baadaye. Ni mwaka 1980 ndipo Wizara ya Elimu ilipokabidhiwa dhamana ya chekechea, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya. Kwa hivyo msingi wa elimu hii uliwekwa na wanawake wa vijijini ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi, nalo ni malipo ya mwalimu.

Watoto walipokwenda zao nilibaki na mwalimu yule akifagia chumba. Nikamwuliza analipwa na nani.

"Hapa tunajitolea, Mwalimu," akanijibu. "Wazazi wakipata, hutoa. Wasipopata, mtoto hafukuzwi."

"Sasa unaishi kwa nini?"

"Kwa mwani."

Akanieleza hesabu ya maisha yake. Mwani hufungwa kwenye kamba na kuvunwa wakati maji ya bahari yametoka sana, nazo ni siku za bamvua, kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika pwani yetu maji ya bamvua hutoka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa zile zile ambazo watoto wamo darasani. Hivyo kila baada ya wiki mbili huwabidi walimu wale wawili kupokezana, huyu akienda baharini, yule akibaki na watoto wote 31. "Lakini bahari haijui zamu," akasema. "Siku nikibaki na watoto, mwani wangu hukatika na kuchukuliwa na maji."

Baadaye mwenyekiti wa kamati, mzee wa makamo mengi, alinisindikiza hadi barabarani. Nilimpongeza kwa jengo. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kujenga tumeweza, maana kujenga ni kazi ya siku. Kulipa ni kazi ya kila mwezi. Hiyo imetushinda."

Maneno hayo yanafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya elimu katika Afrika Mashariki. Sisi wasomi hupenda kuusifu moyo wa kujitolea. Tunaziandikia jamii sifa tele, wafadhili huja na kamera, na watawala hushangilia kwamba wananchi wamejitegemea. Lakini sifa hizo zaweza kuwa njia ya adabu ya kumwambia mwanamke maskini aendelee kufanya kazi ya taifa bila ujira. Serikali ya Zanzibar, katika sera yake ya elimu ya mwaka 2006, ilitangaza kwamba miaka miwili ya maandalizi ni sehemu ya elimu ya lazima. Ni sera ya kupongezwa, tena ilitangulia kwa miaka mingi mataifa yenye uwezo mkubwa zaidi. Vikaanzishwa hata vituo vya Tutu, yaani Tucheze Tujifunze, ambamo masomo ya redio yalimwongoza mwalimu wa kijijini aliyekosa mafunzo ya kutosha. Hata hivyo, mtoto hafundishwi na sera wala na redio peke yake. Hufundishwa na mtu, na mtu hula.

Nasi Kenya tusijione bora. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003, chekechea ziliachwa nje. Wazazi wengi wakaona hakuna haja ya kulipia chekechea ilhali darasa la kwanza ni bure, wakawangojesha watoto nyumbani, na walimu wa chekechea waliotegemea karo ile wakabaki mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu hii kwa kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti zimejenga madarasa mengi na kuajiri walimu. Ni hatua, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa. Lakini masharti ya kazi hutofautiana kati ya kaunti moja na nyingine. Wako walimu walioajiriwa kwa kudumu, na wako ambao huishi kwa mikataba mifupi, wasijue kama muhula ujao watakuwa kazini. Gavana hualikwa kukata utepe wa darasa jipya, na picha hutoka magazetini. Sijapata kuona utepe unaokatwa kwa sababu mwalimu wa chekechea amelipwa mshahara wake kwa wakati.

Kosa letu sote ni moja: tunadhani kwamba kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo kazi ya kumfundisha ilivyo ndogo. Mhadhiri wa chuo kikuu humtazama mwalimu wa sekondari kwa chini, wa sekondari humtazama hivyo wa msingi, na wote kwa pamoja humtazama wa chekechea kama yaya. Hata wanafunzi wa ualimu, nanyi mnaosoma hapa mtaniwia radhi, wengi huingia katika kozi ya chekechea baada ya milango mingine kufungwa. Fundi mwashi angewacheka. Yeye anajua kwamba ufa wa paa hupakwa lami na mambo yakaisha, lakini ufa wa msingi huangusha nyumba.

Tufanye nini basi? Kaunti ziweke kiwango kimoja cha chini cha mshahara kwa mwalimu wa chekechea aliyehitimu, na masharti ya kudumu, kabla ya kuongeza hata jengo moja. Vyuo vya ualimu viwafundishe wanafunzi kutengeneza vifaa kwa vitu vya mahali walipo, na kuviona hivyo kuwa ustadi na si dalili ya umaskini. Walimu wakuu waache kuwapa watoto wa chekechea mtihani wa kuingia darasa la kwanza kana kwamba wanaomba kazi bandarini. Wazazi nao wasikabidhi kila kitu kwa serikali. Kamati za chekechea zifufuliwe, mikeka isukwe, hadithi zisimuliwe na bibi na babu darasani kwa lugha ya hapo. Jamii ifanye kazi ya siku, na serikali ifanye kazi ya kila mwezi. Upande mmoja ukiubeba mzigo wa pande zote mbili, utaanguka njiani, na atakayeumia ni mtoto.

Methali yetu ya pwani yasema mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma zetu mchezaji hodari haachwi hivi hivi. Watu humwendea uwanjani wakambandika noti kipajini, naye akazidi kucheza. Mwalimu wa chekechea hucheza kwao, na watoto wa kwao, mbele ya watu wa kwao, kila asubuhi kwa mwaka mzima. Tumemshangilia vya kutosha. Wakati umefika wa kutia mkono mfukoni.